Gurudumu Lililobaki Nyuma: Kisa cha Beverly, Septemba 2018

Jumapili ya tarehe 9 Septemba 2018, msichana wa miaka 17 alipaa peke yake kutoka uwanja wa ndege wa Beverly, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwendo mfupi kaskazini mashariki mwa Boston. Alikuwa bado mwanafunzi. Ndege yake ilikuwa Piper Warrior: panga boi moja puani, viti vinne, mabawa yanayopita chini ya viti. Alikuwa akielekea Portland, jimbo la Maine, kilomita kama 130 kwa njia ya angani, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya masafa bila mwalimu kwenye kiti cha kulia. Ndege ilipoachana na lami, gurudumu kuu la kulia halikwenda nayo.

Yeye hakujua. Aliyejua ni rubani wa ndege nyingine, aliyeliona likidondoka akaupasha mnara wa kuongozea ndege habari, na mnara ukampasha binti. Safari ya Portland ikaishia hapo. Mwalimu wa urubani akaingia kwenye redio kumwongoza, na binti akatua pale pale Beverly, kwa gurudumu moja kuu na lile la pua. Ndege ikatoka kwenye lami, ikasimama. Hakuumia.

Magazeti yaliandika juu ya ujasiri wake, na alistahili. Mimi ninayefundisha urubani huwa narudi kwenye yale maneno mawili: yeye hakujua. Nimekizungumza kisa hiki na wanafunzi wengi, na swali lao la kwanza ni lile lile. Gurudumu zima linang'oka, kwani hakusikia kitu?

Hebu fikiri kilichokuwa kikitokea dakika ile. Injini imefunguliwa mpaka mwisho, kelele imejaa, ndege inatetemeka kwa kila kiraka cha lami. Halafu pua inanyanyuka, na mtetemo wa magurudumu unakatika ghafla, kama unavyokatika kila siku. Rubani amefundishwa kuupokea ukimya huo wa miguu kama dalili njema: tumepaa. Gurudumu likidondoka wakati huo huo, dalili ya kupaa na dalili ya kuharibikiwa zinafika mwilini zikiwa zimevaa nguo moja. Hakuna sikio, hata la rubani mwenye saa elfu kumi, ambalo ningelilaumu kwa kutozitofautisha.

Macho nayo hayana msaada. Ukiwa kwenye Cessna 172, ambayo bawa lake liko juu ya kichwa, unatazama dirishani na kuliona gurudumu lako likining'inia pembeni. Kwenye Warrior bawa liko chini yako, na mguu wa ndege uko chini ya bawa. Unaona bati, rangi na kifuniko cha tangi la mafuta. Kilicho chini ya hapo kimefichwa tangu unapoketi hadi unaposhuka. Kinyozi hajinyoi, na rubani wa Warrior haoni gurudumu lake. Wanaojifunzia uwanja wa Wilson, Nairobi, wanaijua vizuri familia hii ya ndege, PA-28, maana imefundisha marubani wengi pale. Wajaribu siku moja kuinama kutoka kwenye kiti cha rubani wakitafuta tairi la upande wao, nao watanielewa.

Na taa? Taa hakuna. Ndege zinazokunja miguu zina taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu, zinazomwambia rubani kwamba mguu umeshuka na umejifunga. Warrior miguu yake haikunjwi. Walioiunda waliona hakuna haja ya kuuliza kama mguu upo, kwa sababu mguu usiokunjwa upo siku zote. Kwa miaka mingi na kwa safari nyingi mno hesabu hiyo imekuwa sahihi. Asubuhi unaikagua, unaiona imesimama juu ya miguu mitatu, basi.

Sisemi kwamba taa ingekuwa dawa. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, ndege kubwa aina ya Lockheed L-1011, safari namba 401 ya shirika la Eastern, ilikuwa ikikaribia Miami ikiwa na watu 176, na taa ya gurudumu la pua haikuwaka. Mguu wenyewe ulikuwa umeshuka salama. Kilichoungua ni balbu. Wote waliokuwa chumba cha marubani wakashughulika na taa ile, na hakuna aliyeona kwamba ndege imeacha kushika kimo chake na inateremka taratibu kwenye giza la kinamasi cha Everglades. Watu 101 walikufa. Pale chombo kilitoa habari mbaya isiyokuwepo, ikawalevya wote. Beverly habari mbaya ilikuwepo, na hapakuwa na chombo cha kuitoa. Nikiviweka visa hivi viwili pamoja, wanafunzi huanza kutazama vipimo na taa za mbele yao kwa jicho jingine: chombo kinajua kile tu kilichounganishwa nacho.

Sasa mguu wenyewe, maana mwanafunzi anayeujua mguu huukagua kwa namna nyingine.

Mguu mkuu wa PA-28 ni shokapu iliyosimama wima. Sehemu ya juu ni silinda iliyofungwa kwenye bawa. Ndani yake inaingia pistoni, na chini ya pistoni kuna panda inayoshika ekseli, gurudumu na breki. Ndani ya silinda kuna oili nyekundu ya haidroliki na hewa iliyoshindiliwa. Ndege ikitua, pistoni inasukumwa juu, oili inapenya kwenye tundu dogo, na kishindo kinaliwa hapo. Ndege ikiwa imetulia chini, bomba la pistoni linalong'aa linapaswa kuonekana kama inchi nne na nusu kwa kila mguu mkuu, na inchi tatu na robo kwa mguu wa pua. Vipimo hivyo kila mwanafunzi anavikariri, na wengi hudhani ukaguzi wa mguu umeishia hapo.

Lakini pistoni iliyo ndani ya silinda ni bomba ndani ya bomba. Likiachwa lenyewe litazunguka, na gurudumu litaelekea linakotaka. Kwa hiyo nyuma ya mguu kuna vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa katikati kwa boliti, vinavyofunguka na kujikunja kama goti. Mafundi huviita mkasi. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia gurudumu lisigeuke. Kazi ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo inayonihusu hapa: ndege ikipaa, uzito wote unaondoka juu ya gurudumu, hewa ndani ya shokapu inaisukuma pistoni chini, na mkasi huo ndio unaonyooka na kuishika isichomoke.

Tafakari maana yake. Ndege ikiwa chini, uzito wake wenyewe unaikandamiza pistoni ndani ya silinda. Mkasi unaweza kuwa na ufa, bushi zake zinaweza kuwa zimelika, nati inaweza kuwa imelegea kwa kukosa pini ya kuizuia, na bado ndege ikasimama vizuri, ikatembea hadi mwanzo wa njia, ikakimbia mpaka mwendo wa kupaa. Inapoondoka ardhini tu, mzigo wa kushika mguu unahamia kwenye mkasi. Ndiyo sababu mguu wa aina hii unaweza kuachia wakati wa kupaa, saa ambayo mtu angedhani umepumzika. Watu hutarajia gurudumu livunjike kwa kutua vibaya, na mara nyingi kutua vibaya ndiko kunakoanzisha ufa; ufa huo unaweza kungoja safari ya mwanafunzi mwingine kabisa. Ndege za mafunzo zinapigwa chini siku nzima na watu wanaojifunza kutua. Miguu yao inachoka kuliko miguu ya ndege nyingine yoyote ya ukubwa huo.

Kutoka kwenye chuma nije kwa watu.

Yule rubani wa ndege nyingine sitaki tumpite haraka. Aliona kitu cha ajabu kwa sekunde moja au mbili. Katika hali hiyo mtu hujishuku kwanza. Je, ni tairi kweli, au ni kipande cha mpira, au kivuli? Mawimbi yana watu, mnara una kazi, na hakuna anayependa kuonekana anabwata redioni. Alisema. Hilo tendo moja ndilo lililogeuza ajali kuwa hali ya dharura inayoweza kupangwa.

Chukua kwamba angenyamaza, na kwamba mnara nao haukuona. Binti angeendelea na safari yake kwa furaha yote ya siku ile. Warrior bila gurudumu moja inaruka vizuri. Bawa lipo, injini ipo, usukani upo. Angefika Portland, angeomba ruhusa ya kutua kama kawaida, na angeteremka akiwa ameelekeza nia yake kwenye kugusa kwa magurudumu mawili kwa pamoja. La kushoto lingekutana na lami, upande wa kulia ungeendelea kushuka, na chuma kilichobaki kingeuma lami wakati ndege bado ina mwendo mkubwa, mafuta yamefunguliwa, injini inazunguka, mlango umefungwa, na mikono ya rubani ikiwa imelegea kwa kudhani kazi imekwisha. Sisemi angekufa. Nasema angepokea yote hayo kwa mshtuko, na mshtuko ukimkuta mtu mita moja juu ya lami hana nafasi ya kufikiri.

Badala yake alipewa muda. Hili nalirudia kwa wanafunzi hadi wanachoka: gurudumu lililodondoka halikupi haraka. Moto hukupa haraka, injini iliyozima hukupa haraka. Gurudumu limekwisha kuondoka, na hali haitazidi kuharibika ukiwa juu. Matangi ya Warrior yakijaa yana lita zaidi ya 180 zinazotumika, na injini inakula lita thelathini na kitu kwa saa. Kuna wakati wa kupumua, wa kuzunguka, wa kuacha magari ya zimamoto yajipange, wa kumtafuta mtu mwenye sauti inayofaa.

Na sauti ilipatikana. Mwongoza ndege ni mtaalamu wa kupanga anga, lakini si lazima awe anajua Warrior inahisi vipi mikononi bawa lake linapokaribia kuacha kubeba. Mwalimu anajua. Kumweka mwalimu kwenye redio kulikuwa uamuzi mzuri kuliko kumsomea binti orodha ya taratibu. Mwanafunzi aliye peke yake amezoea kiti cha kulia chenye mtu. Sauti ya mwalimu inakijaza kiti hicho. Walimu wenzangu, tujiulize kama tungekuwa na maneno ya kusema. Mtu aliye hewani na mikono miwili kazini hawezi kubeba sentensi ndefu. Jambo moja, kisha kimya mpaka alifanye, kisha jambo la pili. Na jina lake, mara kwa mara, ili ajue ni yeye anayeambiwa.

Hakuna shule inayofundisha kutua bila gurudumu kwa kulitoa gurudumu. Haiwezekani. Hata hivyo karibu kila sehemu ya kutua huko ipo kwenye masomo ya kawaida, imetawanyika. Siku ya upepo wa ubavuni mwanafunzi hufundishwa kuinamisha bawa upande unaotoka upepo, kugusa kwanza kwa gurudumu la upande huo, na kulishika lile jingine hewani kwa muda. Ukikosa gurudumu la kulia, unafanya hivyo hivyo kwa kushoto: usukani unageuzwa kushoto, bawa la kulia linabaki juu, uzito unakaa kwenye mguu mzima. Halafu unaendelea kuzidisha usukani kushoto kadiri mwendo unavyopungua, kwa sababu nguvu ya bawa inaenda na mraba wa mwendo. Mwendo ukibaki nusu, bawa linabeba robo tu. Itafika saa bawa la kulia litashuka, upende usipende. Kinachotafutwa ni kwamba lishuke mwendo ukiwa mdogo kabisa. Likigusa, ndege itavutwa kulia. Pedali ya kushoto na breki ya kushoto ndizo zilizobaki za kubishana nayo. Binti wa miaka 17 aliyekwisha ruhusiwa kusafiri peke yake alikuwa amevifanya vipande hivyo vyote, kila kimoja kwa siku yake. Kazi ya mwalimu redioni ni kuvishona pamoja.

Mwendo unastahili hesabu. Warrior bila flapu, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, bawa lake linaacha kubeba kwenye kilomita kama 93 kwa saa. Flapu zikishushwa zote, inafika kama 81. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini nguvu ya mwendo nayo inaenda na mraba, na ukipiga hesabu utaona imepungua kwa zaidi ya moja ya tano. Wapo wanaosita kushusha flapu kwa kuogopa ya kulia itakwaruzwa. Iache ikwaruzwe. Mimi siafiki hata kidogo mazungumzo ya kuokoa bati wakati mtu yuko ndani, na hilo linagusa panga boi pia: kuzima injini mapema mno ili panga lisipinde kunaweza kumwacha mwanafunzi mbele ya njia bila nguvu ya kuifikia. Kwanza uwe na uhakika lami iko chini yako, kisha vuta kile kishikio chekundu kinachoikatia injini mafuta.

Kuna jambo jingine la Warrior linalonifanya nitulie kila nikifika hapa. Mlango wake ni mmoja, na uko kulia. Rubani anakaa kushoto, anatoka kwa kuvuka kiti cha pili na kukanyaga bawa la kulia. Gurudumu lililokosekana ni la kulia. Yaani bawa litakaloburuzwa ndilo lenye mlango, na ndani ya bawa hilo kuna tangi. Mlango wenyewe una komeo mbili, moja ubavuni na moja juu. Fremu ikipinda kidogo, komeo ya juu inaweza kung'ang'ania. Kwa hiyo kabla ya kugusa lami, komeo ya juu ifunguliwe. Ndege ikisimama, swichi kuu izimwe, kichaguzi cha mafuta, kilicho ukutani karibu na goti la kushoto, kigeuzwe pa kufunga, na mtu atoke bila kutafuta begi.

Kichaguzi hicho kina faida nyingine. Warrior haina nafasi ya kunywa kutoka matangi mawili kwa pamoja. Unachagua kushoto au kulia. Ukiwa na muda wa kuzunguka, unaweza kuchagua tangi la kulia na kuliacha lipungue. Saa moja inaondoa zaidi ya kilo ishirini kutoka kwenye bawa usilotaka liwe zito, na inabakiza mafuta machache upande utakaosuguliwa. Rubani aliye peke yake, tena, anakaa kushoto, juu ya upande wenye mguu mzima. Kwa bahati ya pekee uzito wa binti yule ulikuwa mahali ulipohitajika. Mlango peke yake ndio uliokuwa upande wa shida.

Wapo waliouliza, baada ya kuona habari ile, kwa nini mtoto wa shule aliachiwa ndege. Sheria ya Marekani inamruhusu mwanafunzi kurusha ndege peke yake akitimiza miaka 16 na kupata leseni ya rubani binafsi akiwa na 17, na kabla ya safari ya masafa mwalimu lazima aandike na kutia saini kitabuni kwamba mwanafunzi huyo yuko tayari. Safari za namna hiyo, angalau saa tano, ni sharti la leseni. Alikuwa pale alipotakiwa kuwa. Kama umri ungekuwa na neno hapa, ningesema kinyume: mafunzo yake yalikuwa mabichi, hayajachakaa.

Kwa hiyo kwa wanafunzi wangu kisa hiki huishia asubuhi, nje ya ndege, kabla ya ufunguo. Hapo ndipo mahali pekee ambapo rubani wa Warrior anaweza kuona miguu yake kwa macho yake, nami siruhusu iangaliwe kwa kusimama. Piga goti. Tazama urefu wa bomba linalong'aa, na kama mguu mmoja umelala kuliko mwenzake. Pitisha kidole chini ya silinda utafute oili nyekundu. Fuata mpira wa breki kutoka juu hadi chini. Kisha ushike mkasi kwa mkono mzima, utikise, uhisi kama unacheza. Hesabu boliti, angalia kila nati ina pini yake, tafuta mstari mwembamba wa kutu pembezoni mwa tundu, kwa sababu ufa mara nyingi hujionyesha kwa rangi kabla haujaonekana kama ufa. Kama ndege ilitua vibaya jana mikononi mwako, iandike kwenye kitabu chake, hata kama mwalimu alicheka na hakuna kilichovunjika. Anayefuata kuirusha hatakuwa na njia nyingine ya kujua.